TAHADHARI kina mama wa Tanga: ile krimu ya mwani yenye kifuniko cha kijani

Jamani, kuanzia Makorora, Ngamiani, Chumbageni mpaka Raskazone, someni hii na mumtumie kila mwenye mtoto. Yule dada wa krimu ya mwani anayepita kwenye vikoba na kikapu chake cha ukindu, msimpe hata shilingi. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Habari ya ngozi ya mwanangu wa mwisho wengi mnaijua: inamwasha, anajikuna, usiku halali. Wifi ndiye aliyesema kuna mtu anakuja kikobani, ana mafuta yasiyochoma.

Siku ile tulikuwa barazani kwa mwenyekiti, hisa zimeshahesabiwa, chai ya tangawizi inagawiwa. Akaingia, baibui limenyooka, sauti ya chini, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja shikamoo. Hakutangaza biashara. Alimwona mwanangu anajikuna nyuma ya goti, akaniuliza kwa upole, "Usiku analala huyu?" Wallahi hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza kama anaambukiza. Akampakata, akamkunjua kiwiko, akasema hii ni pumu ya ngozi, na sabuni kali na mafuta yenye manukato ndivyo vinavyozidi kumwasha. Akatoa kopo, akanipa ninuse. Harufu hakuna kabisa. Akachota kiasi cha punje ya choroko, akampaka sehemu ndogo ya mkono, akaniambia, "Usimpake mwili mzima leo, mama. Subiri mpaka kesho, usipoona vipele ndiyo uendelee."

Sasa niambieni, mwizi gani anakwambia usubiri? Mama yeyote aliyekuwa pale angemwamini. Na alichosema kuhusu sabuni na manukato ni kweli tupu, daktari alikuja kuniambia hayo hayo. Huyu mtu anazijua ngozi za watoto wetu na anakijua kinachotukosesha usingizi, ndiyo maana nasema si mjinga aliyechanganya vitu bila kujua. Ukweli wote ule ulikuwa chambo.

Halafu mwani. Nani asiyeujua mwani huku pwani? Wapo kina mama wanaoulima na kutengeneza sabuni nzuri, na hawa msiwaingize kwenye uchafu huu. Alisema ndani mna mwani, mafuta ya nazi na shubiri, basi. Kopo lina picha ya mtoto anacheka, limeandikwa ni la familia nzima, na chini kabisa "imesajiliwa na TFDA", yaani mamlaka ya chakula na dawa. Nikachukua seti ya 60,000, sabuni, losheni na krimu, nikamtumia hela kwa simu pale pale mbele ya wenzangu. Bi mkubwa akataka na yeye ya usoni.

Na ikafanya kazi! Hapo ndipo roho inaponiuma. Haikupita wiki, mikunjo ya mikono ikawa safi, mtoto analala mpaka alfajiri. Nikapiga picha, nikaweka statasi, nikamwombea dua. Kumbe picha zile kazichukua bila kuniuliza, kaenda kuuzia watu Pangani na Muheza. Mwili wa mwanangu ndio ulikuwa tangazo lake. Nikikutana na mtu sokoni akiniambia "nilinunua kwa kuona picha zako", natamani ardhi ipasuke.

Kopo la mwisho lilipokwisha akawa hapatikani. Mara mzigo haujafika, mara kafiwa, mara simu imezimwa. Mtoto akawaka mwili mzima. Kila palipopakwa palivimba na kutoa maji, analia ukimgusa na shuka. Bi mkubwa mashavu yakawa mekundu yanaungua, vimishipa vimejichora, na vinyweleo vimeota pasipokuwa navyo.

Hospitali, daktari aliomba kopo kabla ya kuandika chochote. Akasema ngozi iliyokonda namna hii huiona kwa watu waliopaka steroidi kali muda mrefu, jamii ya clobetasol au betamethasone. Hizo ni dawa za kuandikiwa, kwa kipimo na kwa muda, na usoni kwa mtoto hazipakwi ovyo. Ngozi ya mtoto hunyonya dawa kuliko ya mtu mzima, na zikiingia nyingi mwilini zinaweza kumdumaza. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa kusimama.

Akamatwe! Asirudishe hela tu, afungwe, na vikoba vyote vimfungie mlango. Mtu anampakata mtoto wako, anambembeleza, huku anampaka sumu! Hata aje na wazee kuomba radhi, mimi sipokei.

Mnaniuliza mtaitambuaje. Kopo halina orodha ya vilivyomo, halina tarehe ya kuisha wala mahali lilipotengenezwa. Na hiyo TFDA: tangu 2019 hakuna kitu kinachoitwa hivyo, dawa zilibaki kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango, sasa kopo jipya limesajiliwa wapi? Na kitu cha asili hakikaushi pumu ya ngozi kwa siku chache namna ile. Daktari katurudisha kwenye mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ya bei ndogo ya dukani, mtoto anapakwa akitoka tu kuoga kabla ngozi haijakauka, pamoja na dawa aliyoandikiwa kwa kipimo.

Mlio nayo ndani na mmeshapaka muda mrefu, msiache ghafla wenyewe, nendeni hospitali na kopo lenu mkononi, hasa kama ni mtoto. Nimeambiwa mwili ukishazoea dawa zile, kuzikata kwa mara moja kuna hatari yake.

Na makopo msitupe, hata matupu. Hifadhini na ujumbe wa malipo, na mwenye picha yake akiwa anauza asiifute. Mimi na wifi tunakusanya, tunapeleka polisi na nakala TMDA. Aliyeuziwa anitafute leo kabla huyu mwanamke hajahama mji.