Tofali la usumba la gramu 650 kwa chura wa Chaco: moja halitoshi

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imepotea kwa sababu pakiti haisemi kama usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshindiliwa ziwe matandiko, umeoshwa chumvi, na kwa chura wa Chaco (Ceratophrys cranwelli) hilo si jambo dogo.

Chura huyu kwao ni Gran Chaco, nyanda za Argentina, Paraguay, Bolivia na Brazili. Mvua zikijaza madimbwi, anazaliana haraka. Ukame ukiingia, anajifukia kinyumenyume kwa miguu ya nyuma na kujizungushia tabaka za ngozi yake iliyochunika ili asikauke. Siku za kawaida hukaa amezama udongoni, macho yakichungulia, akivizia. Matandiko ndiyo nyumba yake.

Lita 4 za maji ya vuguvugu na dakika 20 zinalifumua tofali hadi kama lita 8. Tangi la sentimita 45 kwa 45 likitandikwa kina cha sentimita 8 linataka lita 16, kwa hiyo nunua mawili. Kina kikipungua, chura mkubwa anabaki mgongo wazi.

Sasa chumvi. Wa Pwani wanajua makumbi hufukiwa kwenye maji ya bahari kwa miezi kabla ya kupondwa. Chura hanywi kwa mdomo. Maji humwingia kwa ngozi ya tumbo, pamoja na kilichoyeyuka humo. Tia usumba kwenye foronya kuukuu, suuza na ukamue mara tatu au zaidi mpaka maji yatoke meupe, na suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyoondolewa klorini. Kisha fumbata konzi moja: likitoka tone moja au mawili, basi. Likichuruzika, litavunda chini. Likiwa kavu, chura ataanza kujifunika na kugoma kula.

Nyuzi ndefu ziokote. Akirukia nyenje juu ya usumba, anameza na nyuzi, na tumbo huziba. Mlishe kwa koleo. Mkeka wa joto ubandike ubavuni, kamwe si chini, maana akiona joto anachimba kwenda chini na kuungua.

Kinyesi kitoe kila ukionapo, tofali badilisha kila mwezi. Ukisikia harufu kali ya amonia, au chura akianza kuparamia vioo na kunyoosha miguu ovyo, mtoe papo hapo umweke kwenye maji safi ya kina kifupi, yasiyofika puani.