Uzoefu wangu na matofali mepesi ya povu: eti "fundi wako ndiye tatizo"

"Fundi wako ndiye tatizo." Hilo ndilo jibu la muuzaji wa matofali mepesi, yale ya saruji na chembe za povu jeupe, baada ya kutumiwa picha za lipu iliyopasuka ukuta mzima, ufa ukifuata kila kiungo cha tofali. Hakuja kuangalia. Haya, tuone tatizo liko wapi.

Chukua tofali moja lililobaki, likate kwa msumeno wa mbao. Linakatika bila shida, na hiyo ni sifa yake nzuri. Upande wa juu wa haya niliyouziwa, chembe zimejazana kama mtama, saruji ni utando tu. Ukisugua kwa kidole zinapukutika. Upande wa chini ni mchanga mtupu. Maana yake walizidisha maji, kisha wakalitetemesha kwenye mashine kupita kiasi. Povu karibu lote ni hewa, zege likilegea lazima lielee! Inavyotakiwa, kwanza chembe hulowanishwa kwa sehemu ya maji yenye gundi kidogo, halafu saruji mpaka kila chembe ivae koti la kijivu, ndipo mchanga na maji yaliyobaki, kidogo kidogo. Ukiuminya mchanganyiko kiganjani ubaki donge, maji yasichuruzike. Kumimina vyote kwa mpigo ni uvivu.

Mizani nayo imesema. Tofali la kawaida la inchi 6 kwa 9 kwa 18 lina kilo 30 na ushee. La povu, kwa kipimo nilichouziwa cha kilo 800 kwa mita ya ujazo, lilitakiwa kukaribia kilo 13. Niliyopima, lori moja hilo hilo: 10, 17, 12, 16. Hapo kuna ndugu kweli?

Halafu ubichi. Zege la povu hunywea sana linapokauka, maana chembe ni laini, haziizuii saruji kujikunja kama kokoto inavyoizuia. Matofali yamwagiliwe siku 7, kisha yakae kivulini yakauke. Mimi huhesabu siku 28 tangu yafyatuliwe. Haya yalishushwa tumbo bado jeusi kwa unyevu. Yakajengwa, yakapigwa lipu, yakaendelea kunywea humo humo. Fundi gani anaweza kuzuia hilo?

Sawa, fundi naye ana makosa yake. Hakuweka wavu wa kuku pale ukuta unapokutana na nguzo, na lipu yake ilikuwa kali mno: saruji moja kwa mchanga tatu juu ya tofali laini. Moja kwa tano ingetosha, baada ya kurushia kwanza saruji na mchanga mnene ili ishike. Lakini kosa la wavu huleta ufa kando ya nguzo, haliwezi kuchora ramani ya kila kiungo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba matofali yenyewe yanafaa. Ukuta wa magharibi, saa 12 jioni, upande wa ndani haujapata moto. Wa tofali zito hutema joto mpaka usiku. (Kama juu ni bati bila dari, okoa hela yako, joto litashuka kutoka huko.) Na kwa ghorofa ya pili, uzito kupungua kwa zaidi ya nusu si jambo dogo kwa nguzo na zege la chini. Yajaze tu katikati ya nguzo na linta, yasibebe paa. Kabati la jikoni, sinki na kiyoyozi vipangiwe mapema matofali mazito, au boliti ipite ukuta mzima, kwani plagi ya kawaida huchomoka na povu lake. Thina na petroli visikaribie, vinayeyusha povu.

Mwanzoni nilitaka kuandika msinunue kabisa. Nunueni, ila kwa yule bwana msikanyage, na popote mnaponunua pimeni matano na mkate moja kwa msumeno kabla ya kulipa. Akikataa msumeno, ondokeni.

Mia mbili yaliyobaki yako uani. Aje na lori lake ayachukue, na huyo fundi anayemsema atamkuta hapo hapo, anabandua lipu.