Uzoefu wangu: Linux kwenye kompyuta mpakato ya Core Ultra, na shida ya usingizi

Mashine ina kichakataji cha Intel Core Ultra 7 155H, kumbukumbu ya GB 32 na skrini ya OLED ya 2880×1800. Mfumo ni Ubuntu 24.04. Kazi za kutwa inazimudu bila jasho. Kasoro huanza unapofunga kifuniko ili mashine ilale.

Lakini kwanza umri wa keneli (kiini cha Linux kinachoendesha vifaa), maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Vichakataji hivi vilitoka Desemba 2023, na Debian 12 (Linux ya aina nyingine) ilikuwa imeshatoka Juni mwaka huo ikiwa na keneli 6.1. Ukiisakinisha ilivyo, kazi ya michoro inamwangukia kichakataji: feni inavuma ukitazama video tu. Wala mashine si mbovu. Keneli 6.8 iliyomo Ubuntu 24.04, au 6.12 ya Debian 13, inaitambua michoro yake bila kuongezewa kitu.

Kabla ya kugusa diski, maliza mambo ya Windows. Nakili ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) uuweke nje ya mashine hiyo. Ukibadilisha Secure Boot (kinga inayokagua programu za kuwashia mashine) utadaiwa ufunguo huo. Zima Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows), la sivyo patisheni ya Windows itabaki nusu usingizini na Linux itakuruhusu kuisoma tu. Kisakinishi kisipoiona SSD, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) utazame VMD, njia ya Intel ya kusimamia SSD. Kama bado unaihitaji Windows, iamuru kwanza iwake katika Safe Mode, ndipo uizime VMD. Ukiruka hatua hiyo, Windows itagoma kuwaka.

Sasa usingizi. Andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Mashine nyingi za zamani zitakuonyesha `s2idle` na `deep`; hii ina `s2idle` peke yake, kwa sababu usingizi wa S3 (huo wa `deep`) haumo katika fimwea, programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine. Hakuna mpangilio wa keneli utakaouzusha. Katika `s2idle` programu husimamishwa, kisha kila kifaa huombwa kilale. Kimoja kikikataa, kichakataji hakifiki hali yake ya chini kabisa ya umeme, nawe unaitoa mashine kwenye begi ikiwa ya moto na betri imekwisha.

Kukisia hakusaidii, pima. Ilaze mashine dakika 10, iamshe, kisha soma `/sys/power/suspend_stats/last_hw_sleep`. Hesabu yake ni ya maikrosekunde, kwa hiyo dakika 10 ni 600000000. Ukikaribia hapo, mambo safi. Mimi nilipata 0. Nikasasisha fimwea kwa `fwupdmgr refresh` na `fwupdmgr update`, chaja ikiwa imechomekwa: bado 0. Nikachomoa vifaa vyote vya USB, bado. Mkaidi alikuwa kisoma kadi za SD kilichomo ndani. Nilipokizima katika BIOS, namba ikapanda papo hapo. (Kadi ya SD naitumia mara chache, kwa hiyo sikulia sana.) Kwako anaweza kuwa SSD yenyewe au modemu, njia ni ileile, zima kimoja, laza, soma namba, kisha nenda kingine.

Usitegemee kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kuzima umeme kabisa. Secure Boot ikiwa imewashwa, keneli ya Ubuntu inakataa kwa makusudi.

Betri nimeiwekea kikomo cha kuchaji:

`echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold`

Faili hilo halipo kwenye kila mashine, na jina linaweza kuwa BAT1. Kikomo kikipotea ukiwasha upya, tengeneza huduma ndogo ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) ya kuirudia amri hiyo.

Skrini naitumia kwa ukuzaji wa 150% ndani ya Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha). Maandishi yako sawa, isipokuwa programu za zamani za X11, mtangulizi wake, zinazotoka na ukungu kidogo. Wi-Fi na sauti vilifanya kazi tangu mwanzo, sina la kuongeza.

Kamera ndiyo ya kuchunguza kabla hujalipa. Washa mashine kwa flashi ya Ubuntu bila kusakinisha, kisha andika `lsusb`. Kamera ikionekana hapo, kwa kawaida itafanya kazi. Isipoonekana, huenda imeunganishwa kwa MIPI (si USB) kupitia IPU6, kitengo cha picha cha Intel, na hiyo inataka draiva za ziada ambazo mara nyingine huvunjika keneli inaposasishwa.