Kibanio cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto: uzoefu wangu katika kliniki moja ya Jinja

Kliniki hii, ambayo sitaitaja kwa jina, nilikusudia kuipa nyota moja tu, tena kwa shingo upande. Mwanangu, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza mwaka, alikuwa amekohoa usiku kucha, nasi tukavutwa na bango la mlangoni linalojigamba kwamba wana vifaa vya kisasa vya watoto.

Kifaa chenyewe kilikuwa kibanio cha kupimia oksijeni, cha aina wanayouziwa watu wazima. Kijana wa mapokezi, aliyejitwika na kazi ya upimaji, alikibana kwenye kidole cha mtoto, kidole kikapotelea humo ndani huku mwanga mwekundu ukichungulia pembeni. Kilisoma 98, kikashuka hadi 74, kikaonyesha vistari vitupu, kikapanda tena hadi 96. Nilipouliza tuamini namba ipi, alijibu bila kuinua macho: "Mzee, mshike mtoto wako atulie, mashine haina tatizo." Akaandika 96 daftarini, kwa kuwa ndiyo iliyompendeza, akanielekeza kwenye dirisha la malipo.

Namba hizo si za kufanyiwa mchezo, kwa maana mtoto mwenye nimonia akisoma chini ya 90 anahitaji kupewa oksijeni. Kipimo hiki hupitisha mwanga kwenye nyama ya kidole hadi upande wa pili, na kidole kikiwa chembamba mno mwanga huvuja kandokando na namba zikaja ovyo. Ndiyo maana watoto wachanga wana vipimo vyao laini vya kuzungushiwa mguuni.

Aliyetufaa ni sista mmoja wa makamo. Alimfunua mtoto kifua, akangoja anyamaze, akahesabu pumzi kwa dakika nzima macho yakiwa kwenye saa yake ya mkononi. Zilikuwa 58. "Baba Swaleh, kwa umri wake zikifika hamsini tayari ni za haraka," alisema, akatuandikia amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha katika maji, kisha akatuhimiza tupite hospitali ya rufaa oksijeni ipimwe upya. Huko, kwa kipimo cha mguuni, ikasoma 95 na haikuyumba.

Kwa hiyo atatokea mtu aseme kwamba yule kijana alipatia, na kwa haki nikubali kwamba namba yake haikuwa mbali. Lakini alibahatisha! Angeweza vilevile kuandika 74 na kututia kiwewe, au kuandika 96 kwa mtoto anayeishiwa pumzi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba Uganda haijakosa wabunifu. Brian Turyabagye na Olivia Koburongo walibuni Mama-Ope, koti la kutambua nimonia mapema, likaingia katika orodha ya wateule wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya mwaka 2017, ila mimi sijalikuta katika kliniki yoyote niliyompeleka mwanangu. Ninachokikuta ni kibanio cha baba mtu.

Nyota basi ziwe tatu, zote za sista. Hapana, ziwe mbili, kwa sababu mwenye kliniki alikataa katakata kunirudishia ada ya kipimo, akidai mashine ilifanya kazi yake. Bado naidai.