TAHADHARI: Anayeuza seti za modeli za ndege ya Dakota na kutuma kwa basi Mbeya, Iringa na Njombe ni tapeli

Wadau, msimtumie hela. Narudia, msimtumie hata mia. Yule jamaa anayetangaza seti kubwa za modeli za ndege za plastiki za kuunga mwenyewe, Dakota ya 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), Spitfire ya kivita ya 1/32, injini za rezini (plastiki ngumu ya kumimina) na stika za maji, anayesema mzigo uko Dar na anaweza kuupakia kwenye basi leo ukaupokea kesho, ni mwizi. Amenila Sh 450,000. Naandika hasira haijanitoka, kwa hiyo nikiruka kitu mtaniuliza.

Habari ya Mzee na Dakota yake wengi mnaijua: alifanya kazi uwanja wa ndege wa zamani hapa Mbeya, na kitu kimoja alichoniomba ni modeli ya Dakota ya East African Airways, lile shirika la zamani la ndege la Afrika Mashariki. Rafu ya kuiweka nilishaipigilia ukutani na prima, ile rangi ya kwanza ya chini, nilishainunua kwa wale mafundi rangi wa magari pale Mwanjelwa. Kilichobaki kilikuwa ndege yenyewe.

Najua kuna watakaosema mtu mzima anatumaje hela kwa mtu asiyemjua. Nisikilizeni kwanza. Huyu hakuwa wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu anaijua kazi. Nilipomwambia nataka Dakota ya East African Airways, yeye ndiye aliyeanza kuniuliza kama nataka yenye mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, kwa sababu Dakota ni C-47, ndege ya mizigo ya jeshi, zikageuzwa za abiria baada ya vita, na mtu akinunua seti ya DC-3, ndugu yake ya abiria, bila kuangalia anaweza kujikuta na mlango usio wenyewe. Akaniambia seti ya zamani ya kampuni ya Monogram mistari ya mabati imeinuka, ukipiga msasa kwenye maungio inafutika na kuirudisha ni kazi. Ya kampuni ya Trumpeter mistari imechimbwa, na ribiti zimechimbwa pia, tena zimezidi, hivyo nijiandae kuzifukia kidogo kwa prima kabla ya rangi. Hayo yote ni kweli. Hakuna alichodanganya hapo.

Nikampima. Nikamuuliza rangi ya fedha ya mwili anaipakaje. Akajibu palepale: anza na nyeusi ya kung'aa, iache ikauke kabisa, halafu fedha kwa matabaka mepesi na presha ndogo ya kompresa. Akaongeza kwamba kwa baridi yetu ya Juni nisiwe na haraka, nyeusi ikiwa mbichi chini, fedha itafifia na kuwa kijivu. Ndugu zangu, mtu anajua mpaka baridi ya Mbeya inavyofanya rangi, utamdhania tapeli?

Na bei haikuwa ya kutupa. Ingekuwa laki moja ningeshtuka. Ukijumlisha seti, usafiri kutoka nje, ushuru, jozi ya injini za rezini, vipande vya shaba vya chumba cha marubani na stika za East African Airways, 450,000 ni bei ya mfanyabiashara. Nikaomba anipunguzie, akanipunguzia kidogo sana huku akinung'unika, kama muuzaji yeyote wa kweli anavyofanya. Akanitumia na video: mkono wake unafungua boksi, unatoa fremu ya mabawa (kile kiunzi cha plastiki kinachoshika vipande), unaweka rula juu yake. Dakota halisi ina kama mita 29 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, ukigawa kwa 48 unapata sentimita 60. Nikasimamisha video, nikasoma rula, nikapiga hesabu, ikakubali. Nikatuma hela yote.

Sasa hapa ndipo panaponiuma.

Basi lilichelewa, kulikuwa na lori limeziba Kitonga, likaingia usiku. Nikaupokea mzigo ofisi ya vifurushi pale stendi. Boksi kubwa, limezungushiwa gundi ya karatasi, limeandikwa kwa kalamu nene USIGEUZE. Zito, uzito wa kuridhisha. Kabla sijasaini, simu ikaita. Ni yeye. "Kaka umeshaupata? Tafadhali usifungulie hapo stendi, kuna vumbi na watu, zile injini zina vifimbo vyembamba vya rezini, kimoja kikidondoka hutakipata tena." Nikaona mtu anajali kuliko hata mimi. Nikamshukuru. Nilimshukuru! Nikapanda bajaji hadi nyumbani nimelipakata mapajani, dereva akipita kwenye shimo namwambia taratibu.

Umeme ulikuwa umekatika. Mama watoto akanishikia tochi ya simu. Nikakata gundi, ndani likatokea boksi lenyewe la rangi, picha ya ndege juu, limefungwa nailoni iliyobana vizuri pembe zote. Nikaipasua kwa wembe pole pole nisikwaruze picha, maana boksi nalo nilitaka kulihifadhi. Harufu ya plastiki mpya ikatoka. Juu kabisa fremu ya mabawa, kijivu, ileile ya kwenye video. Nikaiinua kwenye mwanga, nikapitisha kidole kwenye ribiti. Nikamwambia mama watoto, ona kazi hii. Hata yeye akasogea.

Nikaitoa, nikashika fremu ya pili. Ya kijani. Nikadhani ni sehemu za ndani, chumba cha marubani mara nyingine hutolewa rangi tofauti. Nikaisogeza kwenye tochi. Ilikuwa ndege ya watoto, ile ya kuning'iniza dukani, imekatwa vipande na kufungwa kwa waya kwenye fremu ya kuungaunga. Magurudumu yake hayatenganishwi hata na miguu. Chini yake nyingine hivyohivyo, nyekundu. Chini yake daftari za shule zilizokwisha kutumika, zimegandishwa pamoja kwa gundi ziwe nzito, zimefunikwa sponji. Mwili wa ndege haupo. Mkia haupo. Fremu ya vioo haipo kabisa, na ninyi mnajua Dakota bila vioo vya mbele na vile vidirisha vya abiria huna kitu, huwezi kuvichonga ukavipata. Mama watoto alizima tochi, akaiwasha tena, hakusema neno.

Mimi bado nilikuwa natafuta tumaini. Nikafungua kifuko cha injini. Injini za C-47 ni Twin Wasp za Pratt & Whitney, silinda 14 kwa safu mbili, saba mbele na saba nyuma. Nilichotoa ni duara jeupe lenye silinda tisa, safu moja. Nikaligusa kwa ukucha, likamomonyoka. Ni plasta, ile ya kupiga dari, imemiminwa kwenye kalibu na kupakwa spreya ya fedha. Vipande vya shaba vilikuwa karatasi ngumu ya dhahabu iliyopigwa chapa.

Zikabaki stika. Karatasi ilikuwa safi, herufi za usajili zinaanza na 5H kama inavyotakiwa kwa ndege ya Tanzania, maandishi ya shirika yamepangwa vizuri. Nikajiambia angalau hizi. Nikaweka maji ya uvuguvugu kwenye sahani, nikakata herufi moja ya pembeni, nikaizamisha. Stika ya kweli ukiiacha kidogo inateleza kutoka kwenye karatasi yake, unaisukuma kwa brashi inakaa mahali pake. Hii ilivimba. Wino ukatoka, maji yakawa ya buluu, karatasi ikabaki nyeupe mkononi mwangu. Ni karatasi ya kawaida ya printa, imepuliziwa vanishi ing'ae.

Nikampigia. Akapokea! Tena kwa utulivu. Nikaanza na injini, akaniambia, "Kaka, DC-3 za mwanzo zilikuwa na Cyclone ya silinda tisa, hujui?" Ni kweli zilikuwa nayo, lakini Dakota ni C-47 na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo kwenye mazungumzo yetu! Anatumia ujuzi wa kazi yetu kunifunga mdomo huku plasta imejaa kwenye kucha zangu. Nilipomtajia daftari za watoto, simu ikakatika. Tangu hapo hapatikani kwa namba yoyote.

Aibu niliyoipata kwa Mzee sitaki kuizungumzia. Alikuwa ameshawaambia wenzake kanisani. Amefanya kazi ule uwanja wa zamani wa mjini miaka hiyo, tangu ndege zihamie Songwe mwaka 2012 akipita pale anageuza uso, na hiki kilikuwa kitu kimoja alichokiomba.

Mtu huyu afungwe. Sisemi arudishe hela, afungwe kwanza, hela baadaye. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na kwa kuwa alifanya kwa simu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo imwangukie. Hajakosea bei, hajachelewesha mzigo. Amekaa chini akakata ndege za watoto, akamimina plasta, akachapa stika za uongo, akazibania nailoni kwa joto. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, na mwenye mikono ya kufanya hivyo angeweza kula kwa jasho halali. Amechagua kutula sisi, watu wachache tunaojulikana kwa kukosa vifaa, tunaosubiri mtu atoke safari atuletee chupa ya gundi. Na mtu asiniambie ni vitu vya kuchezea. Wizi wa ng'ombe, wizi wa mbolea, wizi wa ndege ya plastiki, wote wizi. Kituoni niliulizwa kama ni ndege ya mtoto, nikawaeleza, wakaandika, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo.

Mnaouliza mtamjuaje. Jina lililotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke, akasema ni shemeji yake anayemsimamia duka. Duka lenyewe hana lipa namba. Video zake zote ni fremu ya mabawa tu, hiyohiyo; muombe akuonyeshe fremu ya vioo na karatasi ya stika ikiwa kwenye maji, hatakuonyesha. Alisema pia kuna mtu wa Arusha anaitaka, niamue kabla ya jioni. Na fungueni mzigo palepale stendi, mbele ya wakala wa basi, hata akikupigia simu akulilie. Mengine nikiyakumbuka nitaongeza, sasa hivi kichwa hakijatulia.

Wa Iringa na Makambako nasikia naye amewafikia, anawauzia Spitfire ya 1/32 kwa maneno yaleyale. Kama ulituma hela, hata ya nusu, usinyamaze kwa aibu. Usifute ujumbe wa muamala. Namba yake itume 15040 ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, uende kituoni uchukue RB yako, halafu unitafute pembeni. Mmoja akilalamika anaonekana amegombana na muuzaji, tukiwa watano na stika zilizoyeyuka mkononi watalazimika kumtafuta.

Namba zake zote mbili na jina la M-Pesa nimeshawapa polisi. Video ninayo pia. Uso hauonekani, lakini mkono wa kulia una kovu la kuungua kutoka kwenye dole gumba hadi kwenye kifundo. Ukikutana na mkono huo umeshika fremu ya mabawa ya Dakota, usimwambie kitu. Nipigie.