Artemisinini: ya shambani au ya tangini?

Dawa ya mseto tunayomeza tukiugua malaria hutegemea kiini kinachoitwa artemisinini, na kinaweza kupatikana kwa njia mbili.

Ya kwanza ni shamba. Mmea wa artemisia hulimwa China, Vietnam na hapa kwetu Afrika Mashariki. Majani hukaushwa, kisha kiini huchujwa kwa kiyeyushi. Kinachopatikana ni kidogo, karibu kilo 1 katika kilo 100 za majani makavu. Bei ikipanda, kila mtu analima. Ikianguka wakulima wanahamia mazao mengine, na baadaye dawa inaadimika.

Ya pili ni vijidudu vinavyokuzwa ndani ya tangi. Mwaka 2003 kundi la Jay Keasling huko California lilipandikiza jeni kwenye bakteria aina ya E. coli, nao wakatengeneza amofadieni, malighafi ya hatua za mwanzo. Hatua iliyofuata ilihitaji kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali) cha mmea kinachofanya kazi vizuri zaidi ndani ya hamira, kwa hiyo kazi ikahamia huko. Kufikia 2013, lita moja ya mchanganyiko wa hamira ilitoa gramu 25 za asidi ya artemisiniki. Hiyo bado si dawa: lazima igeuzwe kwa kemia na mwanga.

Tangi halijui ukame. Hata hivyo, kampuni ya dawa ya Sanofi ilipoanza kuzalisha ya tangini huko Italia, ya shambani iliishinda kwa bei, na mwaka 2015 kiwanda hakikutoa hata kilo moja. Mimi nachagua shamba, maana fedha yake humfikia mkulima. Tangi liwe akiba ya mwaka ambao majani yamepungua.