Kununua Nta ya Nyuki: Ipi Ianze, Ipi Ifuate

Anayetafuta nta ya nyuki kwa matumizi ya nyumbani au ya karakana hukutana na bidhaa za aina nne, na bei hazifuati ubora kila mara.

Tunaloliweka mbele ni donge la njano lililochujwa, ambalo huuzwa na wafugaji wa nyuki na vyama vyao, hasa katika mikoa ya misitu ya miombo kama Tabora na Katavi. Nta hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo hubaki imara hata katika joto la Dar es Salaam, na kwa kuwa haikupaushwa, harufu ya asali bado imo. Inafaa kwa marhamu, mafuta ya midomo, mishumaa, kung'arishia samani na kupakia uzi wa fundi viatu. Kabla ya kulipa, vunja kipande: nta safi huonyesha uso wa chembechembe usiong'aa, na ukiitafuna humeguka bila kunata kwenye meno, ilhali iliyotiwa parafini nyingi, yaani nta itokanayo na mafuta ya petroli, huteleza mkononi kama sabuni. Utando mweupe juu ya donge si ukungu. Hujitokeza wenyewe nta ikikaa, na hufutika kwa kitambaa chenye joto, ingawa mnunuzi mjanja huutumia kuombea punguzo.

Za pili ni punje nyeupe zilizopaushwa. Hupimika kwa urahisi na haziachi rangi kwenye krimu, lakini hapo unalipia wepesi wa kazi, na kwa kuwa hazina harufu, parafini hujificha humo bila shida.

Ya tatu ni nta ya kahawia yenye machicha, mara nyingi ya mizinga ya magogo. Ni rahisi kwa bei, na mfugaji anayetaka kupaka mzinga mpya ili uvutie nyuki, au seremala anayelainisha droo na skrubu, hahitaji zaidi ya hiyo. Kwa ngozi ya mwili, iyeyushe kwanza katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe kwa kuwa hushika moto, kisha uichuje kwa kitambaa.

Mwisho kabisa ni mishumaa yenye picha ya nyuki isiyotaja kiasi cha nta iliyomo. Muuzaji asipoweza kukitaja, ilipie kama mishumaa ya kawaida.